Mwendesha Lifti Wetu

Shoga, uso wangu nitauweka wapi.

Leo mkaguzi kaja ofisini kuhakiki watumishi. Kasoma vyeo vinavyolipwa, bila majina, akafika "mwendesha lifti", cheo kinacholipwa miaka sita sasa. Lifti! Jengo letu halina hata ngazi.

Si unanijua. Nikasimama, mkono kiunoni, nikasema huyo mwizi wa kodi zetu atajwe hadharani na azitapike zote. Miaka sita anakula bure. Nikarudia, miaka sita!

Bosi akaninong'oneza: "Mama, kaa chini. Tulipokuajiri nafasi za makarani zilikuwa zimejaa, tukakuweka kwenye hiyo. Mwendesha lifti ni wewe."

Mkaguzi kasikia. Kavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Na huwa unawapandisha wapi?"