Mifumo Miwili Ndani ya Kompyuta Moja

Mtaa wa Fedha, Embakasi
Jumapili

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje tangu mvua ianze? Na mahindi, mmeshapalilia? Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na kazi bado ninayo. Nimetanguliza hilo ili usome yafuatayo bila presha kupanda.

Unajua nilikuwa kwenye miezi ya majaribio hapa kiwandani. Kila asubuhi ninachapisha orodha ya vibarua wa zamu. Asiyekuwa kwenye orodha, mlinzi hamfungulii lango. Programu ya orodha hiyo ni kuukuu, haikubali mfumo mpya wa kompyuta. Basi fundi akaja akauweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani, yote miwili katika mashine moja, kama wapangaji wawili wa nyumba moja. "Wa zamani nimeuacha, usijali," akasema, akaenda zake.

Jumatatu nikaiwasha kompyuta, nikaenda kusalimia. Ofisini kwetu, Mama, huwezi kuketi kabla hujampa kila mtu mkono, kuanzia stoo hadi jikoni. Niliporudi, kioo kilikuwa kigeni kabisa. Programu haipo, majina hayapo. Nikazima, nikawasha, nikakimbia stoo kuomba ushauri, nikarudi. Vilevile! Nikajua nimefuta kila kitu.

Langoni, watu waliotembea kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga walikuwa wameanza kelele. "Karani, niaje? Leo tunaandikwa na nani, ukuta?" mmoja akaita. Wenzake wakacheka. Mimi jasho lilikuwa limeloanisha kola.

Nikaenda kwa mkubwa wetu, Bi Zainabu, nikakiri.

"Nimepoteza orodha. Ukinifuta kazi nitaelewa."

"Wee Wafula, mbona unajifuta kabla sijanywa chai? Kompyuta ilipokuwa inawaka ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Na mara ya pili?"

"Stoo."

Akanirudisha mezani kwangu. "Keti hapa. Usimpe mtu mkono."

Akaizima, akaiwasha. Kioo kikawa cheusi, ikatokea mistari miwili: mfumo mpya, mfumo wa zamani. Chini yake sekunde thelathini zikaanza kupungua. Kumbe kila mara iliuliza nataka upi, na isipojibiwa inajichagulia ule mpya! Nikabonyeza wa zamani. Majina yote yakaja, hata moja halijapungua, na lango likafunguliwa.

Ijumaa Bi Zainabu alinipa barua ya kuajiriwa. "Ulikuja mwenyewe kabla sijakutafuta," akasema. Siku hizi siondoki kwenye kiti mpaka nichague mfumo, kwa hiyo ofisi nzima hupanga foleni mezani kwangu, kuanzia stoo hadi jikoni, kunipa mkono. Wananiita Mheshimiwa. Mkono wa kulia nawapa wao. Wa kushoto hauondoki kwenye kibodi.

Mpe salamu shangazi anayekukandia hilo goti, na baba mdogo na ng'ombe zake. Dada Nekesa mwambie asome.

Mwanao akupendaye,
Wafula, karani wa kudumu