Nahodha Kopo

Jumatatu, 3 Machi

Imeniaibisha tena! Mbele ya watu wote wa gatini, mashua imezunguka kama pia.

Nilibonyeza kitufe cha kifaa nilichokiunda kuendesha usukani chenyewe, nikauachia, nikakaa kama bwana. Punde si punde skrini ikadai tumegeukia kusini. Wapi! Ng'ambo iko palepale, naiona kwa macho yangu. Lakini mota haina macho, inaamini inachoambiwa na dira, basi ikausukuma usukani mpaka mwisho. Nikaizima, nikashika mwenyewe kwa mkono huu mbovu. Tangu kile kiharusi, vidole vya kulia vinashika kitu kama vinaomba ruhusa. Hadi kufika, bega linawaka moto.

Kaka alikuwa anatusubiri. Nikamwambia ni sensa imekorofisha. Akauliza kwa sauti, ili wachukuzi wasikie vizuri: sensa? Kwani tunahesabiwa tena? Wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini. Haya, kuanzia leo naiita kihisi. Kifaa chenyewe kashakipa jina zamani – Nahodha Kopo – kwa sababu nimekifungia ndani ya kopo la plastiki la chakula.

Mashua marehemu baba alituachia sote wawili. Ila yeye ndiye mkubwa, na neno lake ndilo zito. Leo kalitoa: mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kopo lisipoweza, mashua inauzwa. Mnunuzi anaye tayari, yule mfanyabiashara wa magodoro. Na mimi? Ati nitapumzika. Kama nimemwomba mapumziko!

Jumanne, 4 Machi

Nimelileta kopo nyumbani, nikaliweka mezani. Nimeligeuza huku na huku jioni nzima. Halikosei hata kidogo! Kaskazini ni kaskazini. Nikilizungusha linafuata, nikiliacha linatulia. Mke wangu anasema labda linaogopa maji. Sikucheka.

Nyaya nimezikagua moja moja. Kazi ya polepole kwa mkono mmoja na nusu. Bangili ya mkono huo mbovu nilikuwa nimeivua, jioni mkono ukivimba inabana. Kaka ndiye aliyeniletea aliposafiri – shaba tupu, alisema, inavuta maumivu. Mpaka leo haijavuta kitu. Lakini siku nisipoivaa mbele yake nitaambiwa fadhila ya punda ni mashuzi. Kwa hiyo kila asubuhi naivaa, kama mfungwa anayejifunga mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegombana na fundi wa kuchomelea. Yeye ndiye aliyetengeneza kishikio cha kopo pale nyuma, na ni cha chuma. Chuma na dira ni paka na panya. Nikamwambia ameniharibia. Naye akapandisha sauti: ulisema kiwe imara, hukusema kiwe cha mbao! Kweli sikusema. Lakini fundi mzima hajiulizi?

Nimekata kishikio cha mbao mwenyewe. Kimekaa upande, kama kofia ya mlevi. Kitafaa.

Ijumaa, 7 Machi

Hakijafaa. Mbao tupu, skrubu za plastiki, na bado!

Cha ajabu – tulipong'oa nanga ilikwenda sawa. Nilikuwa mbele nakunja kamba, mashua inajiendesha, mstari umenyooka. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikarudi nyuma kuitazama skrini. Nikauegemeza mkono mbovu juu ya kopo kama kawaida, nibonyeze kwa ule mzima. Papo hapo ikachachamaa! Kama mtoto mtukutu, mgeni akija tu.

Nikaenda kwa muuza vipuri, nikamwambia ameniuzia kihisi kibovu. Akanipa kingine bila maneno. Nacho vilevile. Nimemwita mwizi bure. Kesho itabidi nipitie njia nyingine, nisikutane naye.

Kaka kapita jioni. Alilitazama kopo, akatikisa kichwa, akamwambia mke wangu – mke wangu, si mimi – kwamba wakati mwingine bora kutupa jongoo na mti wake.

Jumapili, 9 Machi

Nataka kucheka, nashindwa. Nataka kulia, naona haya.

Nilikuwa mezani nafungua kopo. Mchana, bangili mkononi, maana kaka alisema angepita. Skrubu ndogo ya chuma ikaniponyoka. Nikatafuta chini ya meza, chini ya kiti, kwenye mikunjo ya mkeka. Nikatukana. Nikamshuku hata kuku. Mke wangu akaja na ufagio, akasimama, akanitazama. Si hiyo hapo mkononi, akasema.

Imening'inia kwenye bangili! Imeganda kama kupe.

Shaba haishiki chuma. Hilo anajua kila aliyewahi kushika waya. Nikaleta kisu, kikanata. Nikaisogeza bangili kwenye kopo – skrini ikaruka kutoka kaskazini hadi kusini. Nikaiondoa, ikarudi. Nikairudisha, ikaruka. Kumbe shaba ni ganda la juu tu, ndani wamejaza sumaku.

Wiki zote hizi! Fundi nimemkosea, muuza vipuri nimemtukana, na kila nilipokwenda kuponya ugonjwa ndipo nilipouleta, mkononi mwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga. Changu nilipewa zawadi, na nilisema asante.

Mke wangu anauliza nitamwambia kaka? Nimwambieje? Kwamba kitu pekee alichowahi kunipa ndicho kilichokuwa kinanizamisha? Atasema namsingizia. Nitamwambia waya ulilegea.

Jumatano, 12 Machi

Imekwenda! Kwenda na kurudi, bangili iko mfukoni, nimeketi mbali. Mstari umenyooka hata mchukuzi mmoja akauliza nani anaendesha. Nikasema, mimi. Na ni kweli. Kila waya mle ndani ni mimi.

Nimemwambia kaka waya ulilegea. Akanishika bega, lile linaloniuma. Jumamosi tutakwenda wote, akasema, nione kwa macho yangu.

Nimelala mchana kwa raha. Sikumbuki mara ya mwisho lini.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika tuko majini. Nimekaa mbele kabisa, juu ya magunia. Mikono yangu haina kazi – ndivyo nilivyotaka, sivyo?

Mashua haijapotoka hata kidogo. Kaka yuko nyuma, kwenye nafasi yangu, kwenye mto wangu wa kukalia. Asubuhi aliniomba nimwonyeshe vitufe. Nikamwonyesha, mjinga mimi, kwa fahari. Cha kuwashia, cha kushoto, cha kulia. Vitatu tu! Alicheka, akasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Tulipoacha gati akatangaza. Hatuuzi. Nikasema alhamdulillahi. Hakuwa amemaliza. Yule wa magodoro atampa mzigo wa kila siku, na kuanzia Jumatatu ataendesha yeye mwenyewe. Mimi nikae nyumbani niuguze mkono. Kopo likiharibika ataniita. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatabasamu. Hata kulicheka kopo kaacha, sasa analiita nahodha wetu.

Nilijenga usukani usiohitaji mkono mzima. Sikufikiri kwamba basi hautanihitaji mimi.

Likipotoka leo, mashua inauzwa. Lisipopotoka, ni yake. Nageuza huku na huku, sioni upande ambao ni wangu.

Halafu akaona mkono wangu mtupu. Bangili iko wapi? Nikasema mfukoni. Akanuna kabisa! Mtu unamletea dawa kutoka mbali, akasema, halafu anaiweka mfukoni. Vaa, bwana, usinivunje moyo.

Nikavaa, mbele yake, nikiwa huku mbali. Inabana.

Sasa ananiita. Ati skrini ina giza kwa jua hili, nikamsomee. Nimejifanya sisikii. Ananiita tena, kwa jina lile la utotoni ambalo baba tu ndiye aliyekuwa analitumia. Njoo basi, mdogo wangu, uniangalizie hiki kitu chako.

Chako, amesema.

Naja, kaka. Naifunga kalamu, naja