Tonga, Nchi ya Mashangazi

Shangazi Felista, shikamoo kutoka Cedar Hill, huku ughaibuni nilikokuja kumtembelea kaka Deo!

Jirani yake ni mama wa Tonga, visiwa vidogo huko Pasifiki. Jana alitualika kula majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi. Nikajitambulisha: mimi ndiye shangazi wa watoto wa Deo. Weee! Kumbe kwao shangazi ana cheo kumzidi baba! Nikakalishwa kwenye mkeka wa heshima, Deo akakabidhiwa sahani: “Mpelekee dada yako kwanza.” Deo huyuhuyu, ambaye tangu nifike namfulia mpaka soksi! Nimecheka hadi mbavu zinaniuma.

Mkeka wenyewe nimepewa zawadi. Nakuletea wewe, shangazi yangu. Mwambie baba aanze kujifunza kupakua.

Mwanao akupendaye,
Neema