Wimbo wa Amelia

4 Machi

Kwako binti yangu,

Pokea salamu zetu. Marahaba kwa shikamoo zako zote, na zile ulizosahau kutuma nazipokea hivyo hivyo. Mimi sijambo, mgongo tu na cherehani wanaendelea kugombana. Wewe je, baridi imepungua huko? Unakula au unajipitisha tu na chai?

Naandika kwa sababu kwenye simu tunapayuka bure. Mara "unanisikia?", mara imekatika, kama siku ile ya Januari nilipompa mama yako simu na mtandao ukatukimbia hata hajamaliza. Tangu hapo nikishika simu anageuza uso.

Hali yake ni hii. Mkono wa kulia bado umelala, mguu anauvuta. Maneno ndiyo hakuna kabisa, na huu ni mwezi wa nne tangu kiharusi. Anafungua kinywa, unaliona neno limefika mlangoni, halafu linarudi ndani. Inaniuma, mwanangu, maana unamjua alivyokuwa msemaji.

Hospitali wametupa mama mmoja anayefundisha wagonjwa kusema, mimi namwita Mwalimu. Anakuja nyumbani kila Jumanne. Juzi kaniambia wapo watu wanaopoteza maneno lakini nyimbo zinabaki. "Mtafutie zile alizokuwa akiimba kila siku, Fundi. Huenda maneno yakapita humo. Ila fanya hima, miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida, na mimi kwenu mwisho ni Juni."

Nyimbo zake unazijua: kantri, zile za Wazungu wenye kofia pana. Mama yako hajui Kizungu hata cha kuombea maji, lakini kantri aliimba albamu nzima kwa kufuata sauti tu, na palipomshinda akatia maneno yake. Hasa ule wa "amelia". Alikuwa akiuimba huku akipiga pasi nguo za wateja. Pasi ikienda, "ooo, amelia", pasi ikirudi, "amelia". Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamuuliza, "Mama, nani amelia? Kalilia nini?" Kila siku jibu jipya: leo kaunguza maharage, kesho kafungiwa nje na mumewe.

Kanda yenyewe niliiuza mimi. Boksi zima nilimpa mnunua vikorokoro ili nipate nafasi ya meza ya pili ya kukatia. Mama yako akaendelea kuimba bila kanda. Meza ninayo, na sasa kila nikiitazama najiona mjinga.

Muziki huu unatoka huko huko uliko. Ingia madukani unitafutie albamu yenye wimbo ambao mwanamke amelia. Na Mwalimu anasema ikipatikana diski ya karaoke, ile inayoandika maneno kwenye televisheni, ni bora zaidi. Mimi siijui, wewe nunua tu.

Ni mimi baba yako,
Fundi


30 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na hapa soma kwa sauti asikie: Mama, shikamoo, ni mimi. Vipi mguu, kiatu nilichotuma kinamfaa? Mimi mzima. Bado niko chumba cha kufulia hotelini, nakunja mashuka mpaka nayaota. Kula ninakula.

Jumapili nilikuwa na mapumziko, nikazunguka maduka matatu. Mawili ya kwanza hayana diski tena, wanauza simu na vifuniko vya simu. La tatu ni la diski za mtumba, chini ya ngazi, linanuka karatasi ya zamani. Mwenye duka ni mzee anayevaa miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani, na bado anatafuta miwani.

Nikamwambia, kwa lugha yao, natafuta wimbo wa kantri ambao mwanamke amelia. Akaacha alichokuwa akifanya. "Binti," kasema, "ungetaka wa kantri ambao hakuna aliyelia ningekupa sasa hivi. Ninao mmoja."

Baba, si utani. Kuna aliyelia kwa kuachwa, kuna aliyelia kwa lori kuharibika, kuna aliyelia kwa mbwa. Nilipekua sanduku zima nimepiga magoti, nikisoma majalada na kuvuta kila lenye neno la machozi. Nimechukua albamu mbili za wanawake wanaolia sana, na diski moja ya karaoke yenye vilio kumi na viwili. Nimezifunga vizuri na fulana zako mbili.

Kuhusu kuja, Baba, karatasi zangu za kusafiria bado hazijatoka. Wanasema nisubiri. Zikitoka tu nitakuwa njiani, Mama ajue hivyo.

Ni mimi,
Binti yako


2 Mei

Binti yangu,

Salamu. Hapa wazima, huko natumaini ni hivyo hivyo. Kiatu kinamfaa, anakikagua kama mteja, maana yake kakipenda.

Mzigo umefika na fulana zinanibana, inaonekana unanikumbuka nilivyokuwa. Sasa tuje kwenye diski. Albamu ya kwanza tuliipiga Jumanne, Mwalimu akiwepo. Yule mama kalia huko, kalia, mpaka mimi nikapata huzuni. Mama yako alikuwa anatazama vifungo vya gauni lake. Ya pili, akasinzia.

Nikatia ya karaoke. Muziki ukaanza, mzuri tu, nikangoja mwimbaji. Wapi! Wimbo ukaisha mwimbaji hajafika. Nikapiga wa pili, vile vile. Nikasema loo, mwanangu kauziwa diski mbovu. Nikaichukua mkukumkuku hadi kwa fundi redio, nikamwambia sauti ya mtu imefutika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mwimbaji ni wewe!" Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mwimbaji. Wateja wanakuja kupima suruali wananiomba kibao kimoja.

Lakini mama yako hakucheka. Nilirudi nikajaribu kumwimbia ule wa "amelia" mimi mwenyewe, na sauti yangu unaijua, ni ya mbuzi aliyekanyagwa. Akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akatikisa kichwa, akagonga ubavu wa kitanda mara nne, kwa hasira. Anautaka, na anajua kabisa zile za diski sizo.

Mwimbaji ni mwanamume, nimekumbuka. Ana sauti nzito, na nyuma kuna fidla. Kila mwisho wa ubeti anavuta, "amelia". Tafuta tena, mwanangu. Jumanne zilizobaki nazihesabu kwa vidole.

Baba yako


16 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za Mama? Mimi nipo. Nimechelewa kuandika na sina cha kujitetea. Jumapili nne niliomba kufanya kazi badala ya kupumzika. Nitakuambia sababu siku nyingine.

Jana nilirudi kwa mzee wa miwani. Nikamweleza upya: mwanamume, sauti nzito, fidla, mwanamke amelia. Akasema, "Niimbie basi." Niliona haya. Watu wapo na vikapu vyao, mimi niimbe? Akazima redio ya duka akaningoja. Basi nikafumba macho, nikaimba kama Mama, pasi ikienda, pasi ikirudi.

Akaniuliza, hilo neno unalovuta mwishoni ni la lugha yenu? Nikasema ndiyo, maana yake mtu katokwa na machozi. Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Hapana, binti. Hilo ni jina la mtu. Mwanamke anaitwa Amelia. Bwana anamwita arudi nyumbani. Hakuna aliyelia humo."

Baba, ni jina! Miaka yote tumemhurumia mtu bure. Na mimi nilikuja dukani na Kiswahili changu nikakitafsiri, nikamtuma mzee wa watu atafute machozi. Ningeimba siku ya kwanza tungemaliza kwa dakika mbili.

Na kibaya zaidi, albamu ilikuwa ndani ya sanduku lile lile nililopekua mwezi wa tatu. Jalada lina lori na mtu wa kofia. Jina la wimbo liko nyuma, la tisa, herufi ndogo. Niliishika mkononi, Baba, nakumbuka lile lori. Sikuigeuza.

Karaoke yake pia ilikuwepo, kwenye shehena iliyotoka baa moja iliyofungwa. Nimezituma zote kwa njia ya haraka, lakini najua Juni inaisha. Nisameheni.

Binti yako


10 Julai

Mwanangu,

Za siku. Sisi tupo, namshukuru Mungu. Mzigo ulifika tarehe mbili, Mwalimu keshamaliza siku zake. Nilimpigia, akaja kwa hisani yake tu, mara moja.

Tulianza na albamu. Ilipofika ya tisa, fidla ikalia, mama yako akanyoosha ule mkono wa kushoto kama ameshika pasi. Akaimba. Mwanangu, akaimba! Wimbo wote, kinywa kimekaa upande lakini maneno yanatoka, na mwisho wa kila ubeti, "amelia". Mimi nilitoka nje nikasimama na futi shingoni, nalia mchana kweupe mbele ya wateja. Niliporudi nikamweleza kwamba huyo ni mtu, ni jina lake. Akanitazama kama mpumbavu. Hataki kusikia.

Mwalimu kasema tungeupata Machi huenda leo tungekuwa mbali, huenda tusingekuwa, hakuna ajuaye. Usiubebe peke yako huo mzigo. Aliyeuza kanda ni mimi.

Sasa sikia faida ya ile diski isiyo na mwimbaji. Kwa sababu pale pa kuimba pako wazi, Mwalimu katufundisha tutie maneno ya nyumbani. Muziki unakwenda, mimi natangulia: "Nataka maji." Naye anafuata. Siku ya tatu akasema mwenyewe, kwa kuimba, "Fungua dirisha." Bila wimbo hasemi kitu, lakini ndani ya wimbo anasema.

Alhamisi baada ya chai, sijamtangulia, sijamwambia lolote, kaimba: "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamjibu na sauti yangu ya mbuzi: "Karatasi zake bado." Akaitikia kwa kichwa kwamba kasikia. Ijumaa akauliza tena. Sasa ni kila siku baada ya chai, anauliza, namjibu. Nakuandikia ujue unaulizwa. Hao watu wa karatasi hawana hata aibu kidogo?

Baba yako


3 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sitauliza hali leo, maana nikiuliza nitapata pa kujificha.

Karatasi zangu zilitoka tarehe kumi na tisa Januari. Ziko ndani ya droo, chini ya sare zangu za kazi. Hakuna mtu aliyeniambia nisubiri.

Na siku ile ya simu mtandao haukukata. Ulimpa Mama simu, nikasema "Mama, ni mimi", nikasikia ile sauti. Haikuwa neno, Baba, na ilikuwa yake. Alijitahidi, nikasikia anavyojitahidi. Nikakata. Nilikata mimi. Halafu nikakuandikia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya.

Tangu hapo nimeogopa. Nilijiambia nitakwenda akipata nafuu kidogo, akiweza kunitamka jina. Ulipoagiza diski nilifurahi, nikasema hiki ndicho kitu ninachoweza. Jumapili ile niliyopiga magoti kwenye lile sanduku nilijiona binti mwema. Na ulipoandika kwamba ya kwanza haikufaa, zile Jumapili nne sikwenda, kwa sababu niliogopa nikiupata wimbo halafu usifanye kitu, sitakuwa na kisingizio tena.

Sasa anauliza, na wewe unamwimbia uongo wangu. Hilo ndilo limenishinda kubeba. Sijui umwambie nini. Niambie wewe, Baba.

Mimi


27 Agosti

Binti yangu,

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya vitambaa, kisha nikaishona suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Nilikasirika, sitakuficha. Karatasi, karatasi, kila siku nilimwimbia mama yako hizo karatasi, tena nikijitahidi nisipotee njia ya muziki, mzee mzima. Nilitaka kukuandikia maneno mabaya siku hiyo hiyo. Nimengoja wiki ili yapungue.

Siku yenyewe ya barua, baada ya chai, niliweka diski kama kawaida. Sikumwambia kitu. Barua hakuiona, na hata angeiona, kusoma bado. Akauliza: "Mwanangu yuko wapi?" Zamu yangu ikafika, muziki ukapita, mimi sikufungua mdomo. Muziki ukazunguka tena. Akanitazama, nikatazama pindo la pazia.

Basi akajijibu mwenyewe, pale pale penye nafasi yangu, polepole. Kaimba: "Anaogopa." Akasubiri fidla ipite. Akamalizia: "Mwache."

Mimi nisingesema hivyo. Lakini uliniuliza tumwambie nini, na huyo ndiye aliyejibu. Nimeandika kama alivyotamka, sijaongeza neno.

Baba yako