Klachi ya Mkono wa Katana

Jumapili, 13 Julai 1947

Tangu asubuhi napiga tupa. Vidole vimekufa ganzi. Boneti imekaa, ingawa upande mmoja umeinuka. Bati lake ni la pipa la mafuta lililotupwa na jeshi. Chasi ni ya gari la jeshi lililopinduka, injini ni ya gari jingine. Viti nimeviunda mimi, na mke wangu Mwanakombo akavijaza makumbi ya nazi. Mwenye karakana ninakofanya kazi, hapa Changamwe, huniachia chupa zake za gesi ya kuchomelea siku za Jumapili.

Jirani wetu Bi Saumu alichungulia uani akauliza kama ni gari hili au banda la kuku. Sikumjibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Katana hakucheka. Gari ni letu sote wawili, lakini yeye ndiye dereva. Aliendesha malori kabla ya vita na wakati wa vita, kisha akarudi kutoka Burma bila mguu wa kushoto. Na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Hapewi leseni mpaka mkaguzi amwone akiendesha, na gari aje nalo mwenyewe. Siku amepangiwa: tarehe 21 Agosti. Akishindwa, anarudi kwao Ribe, akae barazani kwa kaka yake aletewe chakula. Amekwisha kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyefunga mizigo.

Katana kuletewa chakula! Sitaki hata kulifikiria.

Jumapili, 20 Julai

Tumeanza kufunga. Joto, kiu, moto wa gesi usoni. Nimemaliza mtaimbo wa klachi. Nimeuweka kulia, karibu na mlango, auvute kwa mkono badala ya kukanyaga. Nilijiona fundi kweli.

Tukajaribu. Mkono wa kulia ukavuta klachi, wa kushoto ukatia gia. Usukani ukabaki hauna mwenyewe. Gari likaingia kwenye mihogo ya Bi Saumu likakomea kwenye kisiki.

Katana hakuumia. Lakini sikio la giaboksi, pale klachi inaposhikiliwa, limevunjika. Bi Saumu alikuja mbio, kanga mkononi. "Athumani! Wallahi mihogo yangu hii utailipa. Na silipwi kwa maneno. Siku likitembea hilo banda lenu, mimi ndiye wa kwanza kupanda."

Katana alicheka sana. Kisha akalitazama lile sikio, akaenda zake.

Jumatano, 23 Julai

Katana kaja na wazo. Aliona mtu akiteremka kilima kwa baiskeli, kashika breki. Anataka kishikio kama kile, kikae juu ya mti wa gia wenyewe. Anabana klachi na kutia gia kwa mkono huohuo mmoja. Wa kulia unabaki kwenye usukani.

Ni wazo zuri. Nimekasirika kwa kuwa si langu. Lakini bila sikio la giaboksi hakuna cha kufunga popote.

Jumapili, 27 Julai

Siku mbaya. Sikio lile ni chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa, na chuma cha kusubu hakitaki haraka. Najua. Nimelijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Lakini jua lilikuwa linakwenda, nilitaka nimalize kabla ya kufuturu. Nikalichomelea bila kulipasha moto vizuri, nikaliacha penye upepo. Lilipopoa likalia ta! Ufa, tena mrefu kuliko wa kwanza.

Nilirusha nyundo ukutani. Katana alikuwa kajibanza nyuma ya choo akinywa maji, maana hanywi mbele yangu mwezi huu. Alidhani nimepigwa na kitu.

Mwanakombo akatoka jikoni akaokota nyundo. "Hebu pumua, baba Rukia. Chuma nacho chafunga? Chakimbilia futari?"

Nilifuturu kwa uji na aibu.

Jumatatu, 28 Julai

Mwanakombo ni mtoto wa wachoma chokaa wa Jomvu Kuu. Leo, akisonga ugali, kasema kaka yake Shee anafungua tanuri wiki hii, na chokaa ikitoka motoni hukaa na joto lake siku nzima. Kisha akaendelea kusonga kama kwamba hakusema kitu.

Kwa nini sikuliwaza mimi? Chuma kikifukiwa kwenye chokaa kavu, ya moto, kitapoa polepole hata kama fundi wake hana subira.

Jumapili, 3 Agosti

Tumekwenda Jomvu Kuu na mkokoteni. Mimi nasukuma, juu giaboksi na chupa za gesi, na juu ya chupa Katana, kazikumbatia. Watu walitusalimu kwa heshima sana. Nadhani walifikiri tunapeleka mgonjwa.

Shemeji Shee alitutengea makaa ya mikoko pembeni ya tanuri. Tukaliweka sikio juu yake mpaka likawa jekundu pande zote. Hapo nikachomelea. Polepole safari hii. Jasho liliingia machoni, nikaliacha liingie. Shee alikuwa kachimba shimo kwenye chokaa iliyotoka motoni. Tukalizika lote.

"Tone la maji lisiguse hapa," alisema Shee. "Chokaa hii itachemka iwatie upofu. Na wewe shemeji, usije ukafukua kuchungulia. Nakujua."

Ananijua. Nilitaka kuchungulia kabla hatujafika njia kuu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilitoka kazini moja kwa moja hadi Jomvu. Tukafukua. Nililigonga kwa nyundo ndogo. Likalia vizuri, sauti nzima. Nikaligonga tena kwa raha tu. Alhamdulillahi.

Jumapili, 10 Agosti

Kishikio kimekaa juu ya mti wa gia. Waya unateremka chini ya sakafu hadi kwenye mtaimbo mrefu, ili mkono usihitaji nguvu nyingi. Nilipima kwa shibiri, nikakata, nikakunja, nikachomelea. Nikabana: klachi ikaachia, laini kabisa. Nikazunguka uwanja mara kadhaa bila kukanyaga klachi hata kidogo, kisha nikaing'oa pedali yake nikaitupa. Bi Saumu alisimama mlangoni, sikumsikia akitaja kuku.

Katana hakuwapo, alikwenda Ribe kumwona mama yake. Atafurahi. Nimelala mchana nikicheka peke yangu.

Jumanne, 12 Agosti

Katana hawezi.

Vidole vyake vinafika kwenye kishikio kwa ncha tu. Anabana, kinamponyoka, gari linaruka, injini inazima. Mara ya kwanza tulicheka. Tulirudia mpaka kiganja kikamchubuka. Kisha akazima mwenyewe akatazama mbele.

"Hiki ni cha mkono wako, Athumani," alisema. "Gari zuri. Endesha wewe."

Akachukua magongo yake akaenda. Mwanakombo alikuwa amempakulia futari. Ikapoa.

Nimepima kwa shibiri yangu. Baba alikuwa fundi milango, alipima kila kitu kwa mkono wake, nami nikakua nikidhani shibiri ni shibiri. Mikono yangu ni mikubwa, ya Katana midogo, nimeishika mara ngapi? Mlango hufunguliwa na yeyote. Hiki kitashikwa na mtu mmoja, na sikumpima. Mjinga mimi. Nimekaa uani mpaka chai ikaingia nzi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwake Chaani na donge la udongo wa mfinyanzi. Hakutaka kufungua mlango. Nilimwambia siondoki, na nina swaumu, nikianguka hapa mlangoni kwake atawaeleza nini watu. Akafungua. Nikampa udongo, nikamwambia ubane kama unavyobana klachi. Akaubana kwa hasira. Vizuri. Alama za vidole zimeingia sawasawa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekata kishikio cha zamani. Kipya nimekikunja kwa kufuata udongo, kila kidole na mahali pake. Katana alikibana. Akakibana tena. Akawasha, akatia gia, akaondoka bila kuniaga. Alikwenda, akazunguka, akarudi, akasimama pale pale alipoondoka. Kesho Idi, inshallah.

Jumatatu, 18 Agosti

Idi Mosi. Pilau. Bi Saumu kapandishwa, amelipwa mihogo yake. Aliketi kama bibi harusi, na alipoteremka akasema makumbi yanamchoma makalio.

Alhamisi, 21 Agosti

Mkaguzi alimtazama mguu, akatazama gari, akauliza gari la aina gani hili. Katana akamjibu, "La Changamwe, bwana." Wakaondoka wawili. Mimi nikabaki kando ya njia na magongo yake mikononi.

Nilisikiliza injini mpaka ikapotea. Niliogopa. Niliwaza sikio, niliwaza waya, niliwaza kilima cha kurudi. Kisha nikalisikia. Gia ya pili. Ya kwanza, pale penye mwinuko, bila kukwaruza. Nikajua kabla sijawaona.

Amepewa leseni. Nililia palepale njiani, mbele za watu, na magongo kwapani.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimerudi msikitini nikakuta jua limepiga viti. Nikataka kulisogeza gari kivulini. Nikawasha, nikashika kishikio. Vidole vyangu havikuenea. Kikanibana kidole cha mwisho, gari likaruka, likazima. Nikajaribu tena. Vilevile.

Nikamwita Katana kutoka barazani. Alikuja polepole na magongo yake, akaniona nanyonya kidole, akacheka mpaka akaegemea boneti. Nikampisha. Nikazunguka nikakaa upande wa pili, mikono mapajani, akatupeleka kivulini.