Matundu Manne

Jumatatu, 4 Mei
Nimeosha vyungu nikiwa nimekaa. Daktari wa Lubumbashi alinikataza kubeba kitu kizito kwa wiki sita. Zimebaki siku tisa. Wifi yangu, Mama Feza, amenipita na ndoo yake bila salamu. Maji nimeletewa na jirani.

Jumatano, 6 Mei
Juzi Mama Feza alisema sokoni kwamba sikupasuliwa, nilifuata mwanaume Lubumbashi. "Muntu wa kupasuliwa anaonekana." Akawaonyesha wenzake kovu lake la uzazi, refu kama mkanda. Mimi nina matundu manne madogo. Kamera ilipitia kitovuni, vyuma vyembamba pembeni, uvimbe ukakatwa kwenye mfuko wa chakula, ukatolewa ndani ya kifuko. Nani ataamini? Jana mume wangu, Papa Riziki, alilala amenipa mgongo. Huyu dada yake atanitambua.

Ijumaa, 8 Mei
Nina video. Daktari aliniwekea kwenye simu: tumbo langu kwa ndani, jekundu, na uvimbe kama kokwa ya embe. Jumapili ukoo wote unakula kwa Mama Feza. Nitangoja ugali uwe mdomoni.

Jumapili, 10 Mei
Nimefanya. Simu imezunguka juu ya sahani za ugali na samaki wa ndagala. Papa Riziki ameangalia mpaka mwisho, akainamisha kichwa. Mama Feza ametoka mbio kutapika nyuma ya jiko. Watu wamecheka, mimi kuliko wote. Nikamfuata nimwone vizuri.

Matapishi meusi, kama machicha ya kahawa. Maradhi yangu yalianza hivyohivyo.

Jumatatu, 11 Mei
Nimenyamaza kutwa nzima. Nimefurahia kunyamaza, naandika kwa sababu ni kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jioni Mama Feza amekuja mwenyewe. Miezi mitatu anatapika na kuficha, anaogopa kisu. "Ule munganga ya matundu, eko wapi?" Nimemjibu: kwanza sokoni, useme ulinisingizia.

Jumanne, 12 Mei
Amesema. Mbele ya wauza samaki wote, kwa sauti ndogo, ameshika tumbo. Nilidhani nitashiba. Nimempigia daktari simu.

Alhamisi, 14 Mei
Uwanja wa ndege, safari ya Lubumbashi. Daktari amesema atampima kwanza, huenda matundu yasitoshe. Sijamsamehe. Wiki zangu sita zimetimia jana.

Mama Feza ameshindwa kuinua begi lake. Nimelibeba mimi.