Mkuu wa shule kashika maiki ya mume wangu

Mwenzangu, uko wapi? Nakuandikia nikiwa nimejificha choo cha ukumbini. Aibu niliyoiona leo!

Unakikumbuka kile kiboksi cha mume wangu, anachowekea programu za muziki ili asibebe kompyuta jukwaani? Kile alichonirekodia nacho nyimbo stoo kwao, enzi za uchumba? Siku zote ananiambia kinatoa sauti za kinanda tu. Za kinanda tu!

Leo tunamuaga mkuu wa shule anayestaafu. Mume wangu kaimba, watu wakalia. Akashuka kufuata soda, kiboksi kakiacha kinawaka. Mkuu akapanda kuaga, akashika maiki ileile, iliyochomekwa kwenye kiboksi.

Unaijua sauti ya mkuu. Miaka thelathini ya kufokea watoto, imebaki kama bati linaloburutwa. Akasema, "Ndugu wazazi."

Ikatoka nyororo! Inatetemeka mwishoni, na waitikiaji watatu nyuma! Mkuu akashtuka, akajaribu tena: "Ndugu wazazi." Ikazidi utamu. Ni sauti ya mume wangu, ileile!

Ukumbi mzima ukamgeukia mume wangu, soda yake mkononi. Aliyemmaliza ni mama mkwe: "Mwanangu, wewe kaa tu. Mwache mkuu aimbe."

Na mkuu akaimba! Beti mbili! Kapigiwa makofi kuliko mume wangu!

Sasa huyu bwana yuko nje ya mlango wa choo, ananiimbia ule wimbo alionitongozea. Safari hii bila kiboksi.

Mwenzangu, nimfungulie, au nimwite mkuu?